Sarafu Yenye Ng'ato

Nianze kwa kusema kweli ili tusije tukalaumiana mbele ya safari: mimi si mtu mwema. Wengine wakisimulia jambo kama hili hujifanya walikuwa wanatafuta haki. Mimi nilikuwa natafuta kumwona mzee mmoja akiumbuka mbele za watu, tena akiwa amevaa suti yake nzuri, na nilimsubiri miaka ishirini na miwili. Kama hupendi watu wa aina yangu, hukulazimishwa kusikiliza.

Mzee mwenyewe anaitwa Jicho. Ni jina la kazi, si la wazazi wake. Ni mwenyekiti wa chama cha wakusanyaji wa sarafu, na tangu nikiwa mdogo watu walisema Jicho akishaitazama sarafu kwa lenzi yake hakuna haja ya kuuliza mwingine. Akisema ni halisi, ni halisi. Akisema ni takataka, nenda kanunulie kiberiti.

Jumanne moja asubuhi akapanda ngazi za ofisini kwetu.

Ofisi yetu iko juu ya duka la miwani. Ni chumba kimoja kirefu chenye meza, taa mbili za kuinama, mizani iliyofunikwa kwa kioo, na dirisha tusilolifungua kwa sababu ya vumbi. Watu hutuletea sarafu, sisi tunazikagua, kisha tunazifungia ndani ya kasha la plastiki lenye lebo. Maneno mawili ndiyo yanayogombanisha watu kwenye lebo hizo: KOSA na JERAHA. Kosa ni lile lililotokea kiwandani, mashine ilipoteleza sarafu ikiwa bado inatengenezwa. Jeraha ni yale yaliyoipata baada ya kutoka kiwandani: imegongwa nyundo, imesuguliwa tupa, imekanyagwa na garimoshi. Sarafu yenye kosa watu huigombania kwenye minada. Yenye jeraha hata mwenyewe haitaki. Ndiyo maana nasema kazi yetu ni ya ajabu. Kwingine kote kosa ni aibu, kwetu kosa ni mali.

"Shikamoo, mzee," nilimwambia. Sikutaka kuitoa, lakini nikaitoa.

"Marahaba, binti. Nimekuletea kitu, hutakisahau maisha yako yote."

Hakunitazama usoni. Jicho hatazami watu, anatazama vitu. Kwenye kitambulisho changu pameandikwa Mkaguzi tu, na hata pangeandikwa ukoo wangu wote asingesoma. Akatoa kikasha kidogo, akafunua pamba.

Niliona ng'ato kabla sijaona kitu kingine. Sisi huita ng'ato pale sarafu inapokosa kipande cha ukingo, ikawa kama biskuti iliyomegwa na mtoto. Hii ilikuwa imemegwa chini, upande wa kulia, na ng'ato ilikuwa imekula nusu ya tarakimu ya mwisho ya mwaka. Ilikuwa nane, imebaki upande wake wa kushoto tu, kama tatu iliyogeuka kutazama nyuma. Nikaificha mikono chini ya meza. Sarafu ile ilikuwa ya baba yangu.

Sasa nikupe habari za baba, maana bila yeye hutaelewa kwa nini sikumrukia yule mzee kooni palepale.

Baba alikuwa fundi saa. Duka lake lilikuwa na upana wa milango miwili, na ndani ukinyoosha mikono unagusa kuta zote. Siku moja alinunua sabuni, akarudishiwa chenji, na ndani ya chenji ikawamo hiyo sarafu. Akaiweka chini ya lenzi yake ya saa. Akaniita. Nilikuwa na miaka kumi na miwili.

"Njoo uone. Mtu wa kawaida akiiona hii atasema imekatwa. Wewe unasemaje?"

"Imekatwa."

"Ukimwona mtu ana vidole vinne, utajuaje kama alizaliwa navyo au panga lilipita?"

"Nitamuuliza."

Alicheka mpaka akavua lenzi. "Haya. Na sarafu nayo tuiulize. Ila usiiulize pale ilipoumia, iulize upande wa pili."

Kisha akanieleza, naye hakuwahi kukanyaga kiwanda cha sarafu. Alikuwa anajua chuma tu. Sarafu kabla haijapigwa chapa ni kisahani kitupu. Visahani hukatwa kutoka kwenye bamba refu, na bamba lisiposogea vizuri, mashine hukata kisahani juu ya tundu la kisahani kilichotangulia. Kinatoka kimemegwa. Halafu kisahani hupitishwa mahali pa kubanwa pande zote ili ukingo uinuke. Sasa pale kilipomegwa hakuna kitu cha kubanwa, kwa hiyo upande unaoelekeana napo nao hubanwa kivivu, na ukingo wake hutoka dhaifu, umefifia. Mwenye tupa anaweza kukukatia ng'ato nzuri kuliko ya kiwandani, lakini hawezi kwenda upande wa pili akaufifisha ukingo ulioinuka zamani. Ng'ato ya kweli ina ushahidi ng'ambo. Ya uongo, ng'ambo yake imejaa tele.

Jumamosi baba akapiga pasi shati lake, akaenda nayo kwenye mkutano wa chama. Alikuwa mwanachama mpya, mwenye furaha ya kijinga kama ya bwana harusi. Nilikwenda naye, nikakaa kiti cha nyuma.

Jicho aliitazama kwa muda ambao mimi nisingemaliza kupenga kamasi. Akauliza, "Fundi, nyumbani una tupa?"

"Ninazo, mzee. Ni fundi saa."

"Na jiliwa ya kubania?"

"Ninayo."

Jicho akawageukia watu. "Mmesikia wenyewe."

Watu wakaangua kicheko. Hakuna aliyeuliza swali la pili. Wakamfukuza baba uanachama palepale, na Jicho akasema sarafu itabaki kwenye kabati la chama, iwe kielelezo cha utapeli. Baba alisimama akaeleza habari ya upande wa pili. Walikuwa wakicheka, hawakumsikia. Mimi nilimsikia.

Kuanzia siku ile jina lake likawa Tupa. Wajuzi wa maneno walifurahi kweli, neno moja linabeba maana mbili: tupa ya kusugulia chuma, na tupa jalalani. Nani atamwachia saa yake mtu anayeitwa Tupa? Wateja wakapukutika. Shuleni nikaitwa Binti Tupa, nikapigana mpaka mwalimu akachoka kunichapa. Baba aliishi miaka tisa zaidi, akitengeneza redio za majirani, na hakuwahi kumsema Jicho vibaya hata siku moja. Hilo ndilo lililonikasirisha kuliko yote. Laiti angetukana ningepumua. Alipokufa, msibani mtu nyuma yangu alimnong'oneza mwenzake, "Tupa naye ameondoka." Hata jina lake walishindwa kumrudishia siku ya kuzikwa.

Nilisomea kazi ya kukagua sarafu kwa sababu hiyo moja. Watu hunisifu kwamba naipenda kazi. Waache wasifu.

Sasa Jicho alikuwa mbele yangu na pamba yake. Nikavuta fomu.

"Umeipata wapi, mzee?"

"Kwenye chenji," akasema bila kupepesa. "Zamani hizo. Nilinunua gazeti."

Alaa! Mtu hana haya wala hana vibaya! Hata kisa cha chenji alimwibia baba, akabadilisha sabuni tu ikawa gazeti.

"Andika hapa, mzee, kwa mkono wako. Halafu saini."

Akaandika kwa mwandiko wa kupendeza. Akaniambia mwisho wa mwezi kuna mnada mkubwa, na wanunuzi wa siku hizi hawataki neno la mtu, wanataka kasha na lebo. Alilisema neno lebo kana kwamba lina harufu. Akaongeza kuwa Jumamosi chama kina mkutano, na angependa mkaguzi mwenyewe aje kumkabidhi kasha mbele ya wanachama.

"Itapendeza," akasema.

"Itapendeza sana, mzee," nikasema, na hapo sikudanganya.

Alipoondoka niliifunga milango ya moyo nikafanya kazi. Nikapima uzito: ilipungua kiasi kilekile cha kipande kilichokosekana. Nikaangalia ndani ya ng'ato: hakuna mikwaruzo ya tupa, na herufi zilizo karibu zilikuwa zimevutika kuelekea pengo, chuma kilikimbilia pale wakati wa kupigwa chapa. Halafu nikaizungusha sarafu polepole mpaka upande wa pili. Ukingo ulikuwa umefifia. Ulikuwa dhaifu hasa, kama baba alivyosema, mahali pale pale aliposema. Nililia. Nilijua toka zamani kwamba hakudanganya, lakini kujua kwa mapenzi ya mtoto ni kitu kimoja na kuona chini ya taa ni kingine.

Nilipomaliza kulia nikashika kalamu, na nakwambia ukweli wangu: nilitaka kuandika JERAHA. Nilitaka Jicho asikie neno lile kutoka kwa mtu ambaye hakuna wa kumpinga. Nilitaka wamcheke, wamuulize kama nyumbani ana tupa. Nilikaa na ile kalamu mpaka chai yangu ikapoa, sikuandika kitu, nikaenda nyumbani kumwambia Mama.

Mama alikuwa anamenya viazi. Alisikiliza bila kuinua macho. Nilipofika kwenye gazeti, kisu kilipitiliza kikakata kiazi nusu.

"Andika ni takataka," akasema. "Tena andika kwa herufi kubwa."

"Mama, nikiandika imekatwa, nani aliyeikata?"

Akaweka kisu chini. Aliiona palepale, Mama si mtu wa kuelezwa mara mbili. Nikimpiga Jicho kwa neno lile, namfukia baba mara ya pili, na safari hii ni mimi, mwanawe, nimeshika koleo la udongo.

"Na ukiandika ni nzima?"

"Ni halisi. Anaipeleka mnadani, anatajirika, anashukuru."

"Ebo!" Akatupa kiazi ndani ya sufuria, maji yakaruka. "Basi tafuta njia ya tatu. Kwani nilikusomesha ili uchague kati ya mavi mawili? Mimi utajiri wake sina haja nao. Nataka alambe matapishi yake, hadharani, palepale alipoyatapika. Nami nikae mbele nione."

Kesho yake niliichanganya sarafu ile na nyingine nne zenye ng'ato, mbili za kweli na mbili za tupa, nikamwekea bosi mezani bila kumwambia kitu. Bosi ana miaka thelathini katika kazi hii na hapendi mazungumzo. Akazitenga mafungu mawili, na ile ya baba akaiweka upande wa kosa bila hata kuirudia. Ndipo nikamweleza ni ya nani.

"Kwa nini hukuniambia kwanza?"

"Ungeniondoa kwenye ukaguzi wa hii."

"Ningekuondoa," akasema. Akaitazama tena, upande wa pili. "Baba yako alikuwa anajua. Saini yangu itakuwa ya kwanza, yako iwe ya pili, asije mtu akasema ni mambo ya familia."

Kilichobaki kilikuwa kumbukumbu za mikutano. Katibu wa sasa wa chama ni mtu wa makamo, aliingia miaka mingi baada ya baba, na ana ugonjwa wa karatasi. "Hapa hakitupwi kitu," aliniambia akifungua kabati la chuma, "hata bahasha tupu nina faili lake." Akavuta daftari la mwaka niliomtajia, akapangusa vumbi kwa kiganja, akafungua. Nilimwonyesha ukurasa. Alisoma, akavua miwani, akasoma tena bila miwani kana kwamba miwani ndiyo iliyokuwa inasema uongo.

"Dada, unajua unachokifanya?"

"Najua sana."

"Ni mwenyekiti wangu."

"Na huyo ni baba yangu. Sikuombi useme neno lako hata moja. Nakuomba usome yaliyoandikwa, nikikuambia usome."

Akalifunga daftari akalitia mkobani mwake. Mtu anayependa karatasi hawezi kukataa kusoma karatasi, na mimi hilo nililijua kabla sijapanda ngazi zake.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Ulikuwa ukumbi uleule, ila viti vya mbao vimekuwa vya plastiki. Mama alikaa mstari wa kwanza, mkoba mapajani, miguuni viatu vyake vya kisigino ambavyo havivai mpaka pawe na jambo. Jicho alisimama meza kuu ndani ya suti ya kijivu. Nikaja na kasha, nikaliinua watu walione, wakapiga makofi. Yeye akanyoosha mkono kulipokea. Sikumpa.

"Mzee, kabla sijakabidhi," nikasema, "ofisini sisi tunategemea mitambo, lakini wewe ndiye Jicho. Hawa vijana wangefaidika sana. Hebu tueleze, tunajuaje kwamba hii haikukatwa na mtu kwa tupa?"

Nilimvika kilemba cha ukoka, akakiweka sawa kichwani. Loo, alieleza! Alieleza bamba na kisahani, alieleza mahali pa kubanwa, alieleza ukingo wa ng'ambo unavyofifia. Hakuruka hata hatua. Alieleza vizuri kama baba, na kila neno lake lilinichoma, kwa sababu mtu anayejua namna ile sasa alijua namna ile zamani.

"Ni jambo dogo," akamalizia. "Hata mtoto ataliona."

"Hata wa miaka kumi na miwili?"

"Hata wa saba!"

Watu wakacheka. Nikacheka nao. Kisha nikamgeukia katibu. "Tusomee, ndugu katibu."

Katibu akasimama, akafungua daftari. Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini ukumbi ulikuwa umetulia.

"Kumbukumbu namba tano. Mwanachama mpya, fundi saa, ameleta sarafu yenye ng'ato chini kulia, iliyokata nusu ya tarakimu ya mwisho ya mwaka. Mwenyekiti ameikagua na kuthibitisha kuwa imekatwa kwa tupa na mleta mwenyewe. Mleta amefukuzwa. Sarafu itunzwe kabatini iwe kielelezo. Imesainiwa, mwenyekiti."

Mtu mmoja akaja mbele bila kuombwa, akainama kwenye kasha akaitazama ile nane iliyobaki nusu, akarudi kukaa akitikisa kichwa.

"Hiyo ni sarafu nyingine," Jicho akasema.

"Basi ile ya kabatini iko wapi?" nikauliza.

"Kabatini haimo," akajibu katibu. "Orodha yangu inaonyesha haijaonekana tangu kabla sijaingia."

Njia ya mwongo ni fupi, na Jicho alikuwa ameimaliza yote kwa sentensi moja. Lakini usimdharau mtu wa miaka ile. Alijikusanya, akashika ukingo wa meza, akatoa sauti ya unyenyekevu ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

"Nilikosea," akasema. "Ndugu zangu, nilikosea. Sote ni binadamu. Nani asiye na kosa?"

Nikaona vichwa vinaanza kuitikia. Nakwambia, hapo ndipo niliogopa kweli. Watu wanapenda kusamehe wakati aliyeumizwa si wao. Wangemsamehe, wangepiga makofi, na angeondoka na sarafu na sifa ya unyenyekevu juu yake. Hasira ikanipanda mpaka masikioni.

"Mzee, umetufundisha sasa hivi tofauti ya kosa na jeraha. Umesema tuangalie ng'ambo. Haya, tuangalie. Mtu aliyekosea kweli, ng'ambo yake inaonyesha: akigundua, anarudi kwa aliyemkosea. Anamfuata fundi dukani, anamwambia, nisamehe. Baba yangu aliishi miaka tisa baada ya siku ile, duka halikuhama. Ulikuja lini? Hukuja. Uliitoa sarafu kabatini, ukaifunika pamba, ukasubiri afe. Na Jumanne hii umeandika kwenye fomu yangu, kwa mkono wako, kwamba uliipata kwenye chenji ya gazeti." Nikaiinua fomu. "Ng'ambo yako imejaa tele, mzee. Hili si kosa. Hili limekatwa kwa tupa."

Ndipo aliponitazama usoni kwa mara ya kwanza. Alitafuta, akampata msichana wa kiti cha nyuma, au alidhani amempata. Akasogea karibu yangu, akainamisha kichwa, akanong'ona. Pumzi yake ilikuwa ya dawa ya kikohozi.

"Binti. Badilisha lebo. Andika ni jeraha. Andika imekatwa, niwe nilikuwa sahihi siku ile. Sarafu potelea mbali, siitaki, ila usiniharibie jina."

Alikuwa tayari kuitupa mali yote ile ili abaki Jicho. Na baba abaki Tupa. Nilikuwa nimeota mambo mengi miaka ile yote, lakini sikuwahi kuota kwamba ataniomba mwenyewe, kwa kinywa chake, uongo uleule niliotaka kuuandika.

"Siwezi, mzee," nikasema kwa sauti ya ukumbi mzima. "Huwezi kuniomba niandike jeraha. Sarafu hii ni halisi."

Makelele yakaanza hapo. Mmoja aliita mwizi, mwingine akataka mwenyekiti ajiuzulu palepale, wa tatu alikuwa anadai makofi yake arudishiwe. Katibu aligonga meza. Akasema kwa utaratibu wa chama kumbukumbu ya uongo husahihishwa chini ya ile ya zamani, na akalichukua lile kasha akampelekea Mama, kwa kuwa ni mali ya mumewe. Mama hakulitazama.

"Asahihishe yeye," Mama akasema. Hakusimama. "Yeye ndiye aliyesaini."

Hakuna aliyebisha. Wakamvutia Jicho kiti, wakamwekea daftari mbele, katibu akampa kalamu. Mzee alikuwa ameufyata kabisa. Akaandika, na katibu akawa anasoma kwa sauti kila anachoandika: sarafu iliyotajwa hapo juu ni halisi, ng'ato yake ni kosa la kiwanda, mleta hakuikata, na chama kinafuta tuhuma dhidi ya ndugu...

Kalamu ikasimama.

Jicho alitazama ukurasa wa zamani. Hapakuwa na msaada, palikuwa pameandikwa fundi saa. Akatazama mstari wa mbele, wakongwe wenzake, wale waliocheka siku ile. Mmoja akakuna kidevu. Mwingine akaangalia viatu vyake. Wote walilijua jina moja tu, na hakuna aliyethubutu kulitamka mbele ya Mama.

"Samahani," Jicho akasema, kwa sauti ndogo. "Aliitwa nani yule?"

Nilidhani nimeshamaliza kumchukia. Wapi! Ilianza upya. Alimchukulia mtu sarafu yake, wateja wake, miaka yake tisa, na hakuwahi hata kujua anamchukulia nani.

Mama akanyanyuka. Viatu vyake viligonga sakafu mpaka meza kuu. Akasimama juu ya bega la Jicho, akalitamka jina la baba, lote, la kwake na la baba yake na la babu yake, kisha akaanza kumtajia herufi moja moja kama mwalimu wa darasa la kwanza. Jicho akaandika. Kwenye jina la pili akaruka herufi.

"Futa," Mama akasema. "Andika upya."

Akaandika upya, akakosea tena palepale. Watu wote walikuwa wamesimama wakitazama. Katibu alitaka kumsaidia, Mama akamzuia kwa kidole. Aliandikishwa mara nne, na mimi sikumhurumia hata kidogo.